Rampu za katalogi au skeitipaki ya zege? Nimepigania zote mbili na nimeskeiti zote mbili, haya ndo maoni yangu

Nianze na jibu kabisa kwa wale wenye haraka: rampu za kufunga kwa bolti, zile unazochagua kwenye katalogi zinakuja na lori zikiwa vipande vipande, naziwekea nyota 2 kati ya 5. Skeitipaki ya zege (skeitipaki, au paki kwa kifupi, ni uwanja wa kucheza skeitibodi, ule ubao wa magurudumu) iliyojengwa na mafundi ambao wenyewe wanaskeiti naiwekea 5 bila kusita. Na zege lililomwagwa na mkandarasi wa barabara asiyejua hata skeitibodi inapindaje kona naliwekea 1, na hapo ndo pabaya kuliko kote, ntaeleza huko mbele.

Mi ni mjitolea. Nimekaa kwenye vikao vya halmashauri hadi nimesahau idadi, nimezungusha karatasi za sahihi, nimesindikiza madogo wakaongee mbele ya madiwani huku mikono inawatetemeka, afu baada ya hayo yote nimeishi na paki iliyotokana na hizo kelele zetu. Kwa hiyo haya sio maoni ya mtu aliyekuja siku ya uzinduzi akapiga picha mbili akaondoka, ni ya mtu anayefagia kokoto asubuhi kabla watu hawajaja na kukaza skrubu jioni watu wakishaondoka.

Paki yetu ya kwanza ilikuja hivi. Tulisumbua miaka, wakatukubalia, tukafurahi mno na kwa ile furaha hatukuuliza maswali. Afisa mmoja akaja na katalogi yenye picha za kuvutia, humo kuna kwatapaipu (rampu iliyokunjwa kama robo ya bomba), kuna fanboksi (boksi la kurukia lenye mteremko huku na huku), kuna reli, kuna piramidi, kila kimoja na namba yake, unachagua kama unavyochagua viti vya ofisi. Eneo tulilopewa lilikuwa uwanja wa tenisi wa zamani, lami imechoka. Lori likaja, mafundi wakafunga kwa siku chache, utepe ukakatwa. Siku ile nililia kabisa, maana kulikuwa na madogo pale ambao wamefukuzwa kwenye kila ngazi na kila maegesho ya magari, na leo wamesimama sehemu ambayo hakuna mlinzi anayeweza kuwaambia tokeni hapa.

Uzuri wa hizi rampu upo na nautaja. Zinafungwa haraka, unaweza kuzihamisha, na kama mji haujui kabisa kama kuna vijana wanaoskeiti basi ukiweka rampu tatu kwa miezi kadhaa wataonekana tu. Ndani ya ukumbi, pasipo na mvua wala jua kali, rampu iliyovikwa bodi za kuskeitia kama zile za Skatelite ni tamu sana kuskeitia, inateleza vizuri na ukianguka inakusamehe kidogo. Kwa hilo sina ubishi.

Shida inaanza ukiziweka nje na kuziacha. Ili uelewe kwa nini, lazima ujue gurudumu la skeitibodi. Gurudumu la kuskeitia mtaani kipenyo chake ni kama milimita 50 hadi 54 tu, na ni gumu, halina upepo ndani, halimezi mtikisiko wowote. Baiskeli inapita juu ya ufa mwendeshaji hata hajui kama kulikuwa na ufa. Sisi kikokoto kimoja kikiingia mbele ya gurudumu ubao unasimama palepale na mwili wako unaendelea na safari. Sasa angalia rampu ya kufunga inavyokutana na ardhi. Rampu yenyewe haiwezi kuisha ikiwa nyembamba kama karatasi, kwa hiyo pale chini wanaweka bamba la chuma la kukutoa kwenye lami na kukupandisha, na bamba hilo limeshikwa na skrubu. Mchana jua linalitanua, usiku linanywea, magurudumu yanaligonga kutwa nzima, na lami iliyo chini inalainika kwenye joto na kutitia taratibu pale miguu ya rampu ilipokaa. Haipiti muda mrefu ncha ya bamba inaanza kuinuka. Haihitaji kuinuka sana. Unene wa sarafu mbili unatosha kumwangusha mtu mzima.

Kwetu ilimwangusha dogo wa miaka tisa. Alikuwa anashuka tu, wala hakuwa anafanya triki yoyote, gurudumu likagonga ile ncha akatanguliza mikono, kifundo cha mkono kikavunjika. Halmashauri ikaja ikazungushia utepe wa hatari rampu nzima, na utepe ule ulikaa wiki kwa wiki kwa sababu vipuri vilitakiwa viagizwe kwa muuzaji na muuzaji alikuwa mbali. Mwishowe wajitolea tulinunua skrubu wenyewe, tukaja na drili tukakaza, afu baada ya wiki kadhaa zikalegea tena tukakaza tena, na huo ndo ukawa utaratibu wetu. Watu wazima wenye kazi na familia, kila Jumamosi alfajiri wamepiga magoti chini ya rampu ya serikali.

Afu kuna kelele, na hili nataka nilikalie kidogo kwa sababu watu wengi wanaliona dogo na sio dogo hata kidogo. Rampu ya kufunga ni boksi tupu. Ni ngoma. Kila mtu akishuka, akitua, akiangusha ubao, inalia hadi mtaa wa pili. Zege halifanyi hivo, zege limelala juu ya udongo, mlio wa magurudumu unabaki palepale. Sasa fuata mlolongo: majirani wanalalamika, na wana haki, mimi mwenyewe nisingeweza kulaza mtoto pale karibu. Halmashauri inapunguza saa za kufungua. Vijana wanaotoka shule au kazini wakifika wanakuta imefungwa, wanarudi kwenye ngazi za benki. Paki inakaa tupu. Afu kwenye kikao mtu anasimama anasema si mnaona, tuliwajengea na hawaitumii, hela ya umma imepotea. Nimekaa kwenye kikao hicho nikasikia maneno hayo kwa masikio yangu na nikashindwa kuongea, maana kila hatua niliiona ikitokea na kila hatua ilianzia kwenye lile boksi tupu ambalo tulilichagua sisi wenyewe kwenye katalogi kwa kutojua.

Mpangilio nao ni tatizo. Vitu vya katalogi vinasimama uwanjani kama fanicha, kwatapaipu huku, kwatapaipu kule, fanboksi katikati, unaenda unarudi, unaenda unarudi, basi. Mwendo wa skeiti unatokana na mwili kusukuma kwenye mikunjo, unakunja magoti unanyoosha, kona moja inakupa spidi ya kufikia kona nyingine bila kutia mguu chini. Vipande vilivyotengenezwa kiwandani bila kujua uwanja wako una umbo gani haviwezi kukupa hicho kitu.

Kwa hiyo tukaanza upya, na safari hii tulisoma kwanza. Tulikuta kumbe sio sisi wa kwanza kuumia. Marekani kulikuwa na kundi la wajitolea linaitwa Skaters for Public Skateparks, hao pamoja na taasisi ya Tony Hawk, yule mwanaskeiti maarufu wa Marekani, walitoa mwongozo wa bure kabisa wa namna ya kuusukuma mji wako ujenge paki, kuanzia unavyoongea na diwani mpaka unavyochagua mkandarasi. Taasisi ya Hawk ilianza 2002 na tangu 2020 inaitwa The Skatepark Project. Ruzuku zake ni kwa paki za Marekani, ila kilichotusaidia sisi ni yale masharti waliyokuwa wanaweka kabla hawajatoa hela: paki iwe ya zege, ijengwe na watu wenye uzoefu wa skeitipaki, vijana wanaoskeiti washirikishwe kuanzia kupanga na kutafuta fedha hadi kuchora, na kuingia kuwe bure. Tulichukua hayo masharti yakawa ajenda yetu ya kikao, karibu neno kwa neno. Huduma hiyo ya wajitolea waliotutangulia kuandika walichojifunza naiwekea 5 pia, na ningeweka zaidi kama ingewezekana.

Historia yenyewe ndo ilitupa nguvu ya kusubiri. Burnside, mjini Portland, Marekani, mwaka 1990, watu walianza kumwaga zege wenyewe chini ya daraja bila ruhusa ya mtu, sehemu ambayo hakuna aliyekuwa anaitaka, mji ukaja kuikubali baadaye, na kutoka kwenye kundi lile walitoka mafundi walioanzisha kampuni kama Dreamland na Grindline ambazo zimejenga paki nyingi sana za umma. Kitintale, Kampala, mwaka 2006, vijana walijenga ya kwao kwa mikono yao. London kwenye lile eneo la kuskeitia chini ya majengo ya Southbank, wenye eneo walitaka kuligeuza maduka, wajitolea wa Long Live Southbank wakapambana hadi 2014 wakapata makubaliano ya kulilinda, afu wakachangisha fedha na sehemu iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa tena 2019. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeanza na katalogi.

Na kwa wale mnaoambiwa kila kikao kwamba mtu akiumia mji utashtakiwa, someni ya California. Huko paki nyingi za kulipia za miaka ya 70 zilikufa, na bima kupanda ni moja ya sababu kubwa. Miji nayo ikaogopa. Ila wadau walisukuma hadi ikapita sheria iliyoanza kufanya kazi 1998, ikauweka mchezo huu kwenye kundi la michezo ya hatari ambayo mchezaji anaingia akijua, ilimradi mji umetimiza masharti yake kama ya helmeti na vilinzi vya magoti na viwiko. Baada ya hapo paki za umma zikaota kila kona. Kila nchi ina sheria zake, sisemi mkanakili, ila hofu ya wanasheria ina majibu na majibu yalitafutwa na watu wa kawaida kama nyie.

Sasa zege lenyewe. Mkandarasi tuliyempata ni mtu anayeskeiti na mafundi wake wote wanaskeiti, na tofauti niliiona siku ya kwanza kwa sababu hakuja na mchoro. Alikuja na udongo wa kufinyangia. Akauweka mezani akawaambia watoto watengenezeni paki yenu. Wakubwa walifinyanga vitu virefu kama kawaida, ila kulikuwa na mabinti wanne waliokaa pembeni wakafinyanga kilima kifupi sana kilichojificha nyuma ya ukuta mdogo, akawauliza hiki ni cha nini, mmoja akasema ni sehemu ya kujifunzia bila kutazamwa na kila mtu. Kilima kile kilijengwa. Leo ndo sehemu yenye watu wengi kuliko zote kwenye paki, na wanaokitumia wengi ni wanaoanza, wazazi wakiwa wamekaa kwenye kale kaukuta. Hakuna katalogi duniani ambayo ingetuletea kile kilima.

Ujenzi wake niliufuatilia kila siku maana nilitaka kuelewa. Kwanza udongo unashindiliwa hadi unakuwa kama jiwe, hapo hawana haraka kabisa, fundi mkuu alikuwa anasema zege zuri juu ya udongo mlegevu ni ufa unaosubiri tarehe. Afu nondo zinasukwa zikifuata mkunjo. Afu zege halimwagwi kama la sakafu, kwenye mikunjo linapulizwa kwa bomba kwa nguvu ya hewa linagandamana ukutani, na hapohapo mafundi wanalikata kwa kipimo cha mbao kilichochongwa kwa nusu kipenyo kamili cha ule mkunjo, wakishamaliza wanalisugua kwa mwiko, wanarudia, wanarudia, hadi linang'aa kama chungu. Bomba la chuma la ukingoni ambalo sisi tunaliita kopingi, lenye unene wa kama milimita 60, linatokeza nje kidogo tu, milimita chache, na hizo milimita ndo kila kitu, likitokeza sana linakukwamisha ukishuka, lisipotokeza hulisikii kabisa ukiwa juu. Fundi alikuwa anapima kwa kupitisha kidole.

Baada ya hapo ilibidi tusubiri zege likomae, siku 28. Hizi zilikuwa siku ngumu kuliko miaka yote ya vikao. Tulipeana zamu za kulinda usiku, madogo wanakuja wanasimama nje ya uzio wanaangalia tu, hakuna aliyeruka. Walikuwa wameifinyanga wenyewe, walijua wanasubiri nini.

Tangu ifunguliwe tumefanya nini cha matengenezo? Kufagia. Kuzibua chujio la maji kwenye bakuli (lile shimo la mviringo la kuskeitia) majani yakijaa. Kuziba nyufa mbili ndogo. Drili imekaa nyumbani. Malalamiko ya kelele sijayasikia tena, na kuna mzee wa jirani aliyetupinga kwenye kila kikao siku hizi anakuja jioni anakaa kwenye benchi anaangalia, anawajua watoto kwa majina. Na zege likijengwa vizuri linakaa kweli: ile njia ya nyoka (mfereji wa zege unaoshuka ukipindapinda) ya Albany, Australia, ilifunguliwa 1976 na mpaka leo watu wanashuka nayo, na skeitipaki ya Rom pale Hornchurch, Uingereza, ya 1978, mwaka 2014 iliwekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kama urithi.

Mapungufu ya zege nayo yapo. Likishakauka umbo lake halibadilishwi: ukikosea urefu au mkunjo umekosea kwa miaka 30. Halihamishiki, kwa hiyo kama eneo mlilopewa lina mgogoro wa umiliki, malizeni huo kwanza kabla hata ya kumwita fundi. Linachukua muda mrefu kulipata, na kuna kijana alianza kampeni na sisi akiwa na miaka 14 akafika paki ikifunguliwa yuko kazini mji mwingine, alikuja likizo akaskeiti siku mbili tu akaondoka, na hilo bado linaniuma.

Na sasa ile nyota 1. Mji mmoja wa jirani waliona yetu wakataka na wao, halmashauri yao ikatoa tenda kwa mkandarasi wa barabara kwa sababu zege ni zege. Tulialikwa siku ya kufungua. Jamani. Mkunjo sio mkunjo, ni vipande vilivyonyooka vimeunganishwa, ukipanda unasikia goti linapigwa kwenye kila kiungo. Kopingi imezama ndani ya zege. Chini ya bakuli hakuna mteremko, maji yametuama kwenye kona ambayo ndo ingekuwa tamu kuliko zote. Wajitolea wao walikuwa wameomba mara tatu kuona mchoro wakaambiwa wataalamu wapo. Rampu mbovu unaweza kuifungua bolti ukaipeleka kwenye chuma chakavu, hii ya kwao ipo pale na itaendelea kuwepo, na kila wakiomba marekebisho wanaambiwa mshajengewa. Viwango vya ujenzi wa skeitipaki vipo, Ulaya wana EN 14974, kwa hiyo tenda ingeweza kuandikwa ikadai hivyo pamoja na picha za paki ambazo mkandarasi amewahi kuzijenga. Mistari miwili tu kwenye karatasi.

Kama nyie ndo mnaanza na mtu kashaleta katalogi mezani, msigombane naye, mara nyingi ni afisa mwenye nia njema anayetafuta njia ya haraka ya kuwasaidia. Mwombeni kitu kimoja kabla hajasaini: mkaskeiti kwenye paki ya huyohuyo muuzaji iliyokaa nje miaka mitano. Sio mpya, ya miaka mitano. Nendeni na huyo afisa, mpeni helmeti, mwambieni apitishe mkono kwenye bamba la chini la kila rampu, afu asimame kwenye uzio wa jirani wa karibu asikilize kwa dakika kumi.